Vipande Vitatu vya Ndizi

Aika mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa muda si mrefu kwenda kumuaga Bibi, umevaa viatu vipya vya shule ili vikuzoee kabla ya safari, na nimekuona unavyochechemea ukivuka mfereji wetu, mfongo. Hali yangu nayo unaijua, maana tangu asubuhi umenikuta mara kwa mara nimesimama katikati ya chumba, nimesahau nilichofuata.

Nimekaa kwenye meza ya jikoni. Mtori uko motoni, ng'ombe amekula, baba yako bado yuko mlimani anapandisha wageni na amesema atakupigia simu akishuka getini. Nataka niandike kabla hujarudi, kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitayaharibu. Mambo ya sabuni, ndala, ufunguo wa sanduku na nani wa kumwona ukiumwa tumeshayamaliza. Umenijibu "ndiyo mama" mpaka nikakuonea huruma. Barua hii ni ya lile jambo tusilolisema. Ni habari ya vitabu vya Zawena, na ya mdomo wangu, na ya kwamba hunisomei tena.

Nataka unisomee tena. Ndilo neno lenyewe. Nimelitanguliza ili usije ukalitafuta.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulikuwa darasa la tano, Mwalimu Felista alikuwa ndio kwanza amestaafu, akafungua kabati lake la vitabu kwenye kile chumba cha pembeni pale kigangoni, na akakuchagua wewe kushika ufunguo. Jumamosi ya kwanza ulikuja na kitabu chenye picha ya msichana juu ya ndege mwenye vichwa viwili. Mimi nilikuwa kwenye kichanja cha kahawa nachambua, natoa zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu. Ukauliza, "Mama, nikusomee?" Nikasema soma, mikono yangu ina kazi lakini masikio yamekaa bure.

Hapo ndipo nilipomjua Zawena. Malkia wa Kimya anapita kijijini kwao, anamnyang'anya mama yake sauti, anaifungia kwenye chupa na kuondoka nayo. Kabla ukurasa haujaisha Zawena ameshatoka mbio kuifuata, pamoja na Shomari, yule mvulana asiye na kivuli. Na kweli zilikuwa mbio. Daraja linakatika, wanaruka. Wakiruka wanadakwa na ndege. Ndege anapigwa mshale, na sura inaishia palepale, watoto wako hewani. Hata kikombe cha chai huwezi kumimina katikati.

Ninyi mlivipenda kwa sababu hiyohiyo. Mkitoka mafundisho ya Jumapili mlikuwa mnakaa kwenye ukingo wa mfongo mnabishana, nami nikipita na mzigo wa majani nawasikia.

"Cha pili ndicho kikali," Brayan anasema. "Kila ukurasa mtu anataka kufa."

"Cha pili kina majina mengi kama mwalimu anaita mahudhurio," Joisi anamjibu. "Mimi cha nne. Nilikisoma mpaka ugali ukaungua, nikachapwa, nikaendelea kusoma huku nalia."

"Cha tatu kinaboa pale pangoni. Wanakaa tu. Niliruka."

"Ukiruka hujasoma."

"Nimesoma haraka kuliko wewe."

Na wewe, mwenye ufunguo, unawasikiliza wote kama hakimu, halafu unasema, "Anayerudisha kitabu bila kutoa maoni hapewi kingine." Nilikuwa napunguza mwendo ili nikusikie ukisema hivyo. Nilijiambia, huyu wangu amepata mahali pake.

Sasa nikuambie ambacho hukukijua. Nilikuwa siwezi kukifuata kitabu. Ulikuwa unasoma kama maji ya mfongo wakati wa masika, na mimi kichwa changu kilikuwa bado darajani wewe ukiwa umeshafika kwenye mshale. Nikikuuliza, "Huyo nani tena?" unanijibu. Nikiuliza mara nyingine unanijibu kwa kifupi. Siku moja ukashusha pumzi, ukasema, "Mama, tumeshapita hapo."

Hukusema vibaya. Mtoto yeyote angesema hivyo, na kitabu kilikuwa kimefika patamu. Lakini mimi maneno hayo nilikuwa nimeshaambiwa zamani. Nilipokuwa darasa la nne tulikuwa tunasoma kwa zamu, kila mtu na aya yake, na kidole changu kilikuwa kinachelewa kwenye mstari. Nikanyoosha mkono kuuliza neno. Mwalimu akasema tumeshapita hapo. Darasa likacheka kidogo, siyo sana. Sikunyoosha mkono tena mpaka namaliza la saba. Niliandika kila kilichokuwa ubaoni kwa mwandiko mzuri, watu wakanisifu mwandiko, na nusu ya nilichoandika sikukijua.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, Aika, na naliona kubwa kuliko hata hili la vitabu. Niliona heri nionekane najua kuliko niulize. Nimeolewa nikiwa hivyo. Nimekuzaa nina miaka kumi na minane nikiwa hivyo. Kliniki nilikuwa naitikia kila kitu wanachosema manesi, halafu nafika nyumbani sijui dawa yako ni ya asubuhi au ya jioni, namzungukazunguka baba yako kwa maswali ya pembeni ili anisomee bila kujua kwamba ananisomea. Kanisani nashika kitabu cha nyimbo, lakini nyimbo nazijua kwa moyo. Wewe ulidhani mama yako anapenda tu kusomewa kwa sababu ya kazi za mikono. Ni kweli, lakini siyo kweli yote.

Kwa hiyo siku ile sala ya jumuiya ilipokuwa nyumbani kwa Mama Fidelisi, mimi nilikuwa nimeshakasirika kabla ya kufika, na sikujua kwamba nimekasirika. Ulikuwa nje na wenzako, hukuona yote. Acha nikueleze mwenyewe, usije ukasikia kwa watu wengine.

Tulipomaliza kusali, Mama Fidelisi akakitoa kitabu kwenye khanga yake. Alikuwa amemnyang'anya mjukuu wake. Alikishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Jamani, tazameni. Ndege ana vichwa viwili. Mtoto hana kivuli. Nani mzazi hapa anayajua haya?"

Macho yote yakaja kwangu, kwa sababu ya ule ufunguo wako. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ni neno dogo. Nikasema, "Mimi nayajua. Hayafai."

Mwalimu Felista alikuwa ameketi karibu na mlango. Akaniuliza taratibu, "Umevisoma, Mama Aika?"

"Nimesomewa. Mwanangu ananisomea kila Jumamosi."

"Na umeona nini humo?"

"Nimeona mtoto anamwacha mama yake bubu jikoni, anakwenda kurukaruka na ndege. Vitabu vinne vizima hamkumbuki. Nani anampikia yule mama? Nani anamchotea maji? Hayo ndiyo tunataka watoto wetu wajifunze?"

Wanawake wakatikisa vichwa. Mmoja akasema kweli kabisa. Mama Fidelisi akasema, "Huyu ni mama mdogo kuliko sisi wote hapa, lakini ameona." Aika, nilisikia utamu. Nilikuwa nimetoa maoni juu ya kitabu mbele ya watu, mimi, na watu wakayapokea. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyepanda cheo.

Wiki ileile vitabu vya Zawena viliingizwa kwenye kiroba, vikapandishwa darini kwa Mwalimu, na kabati likafungwa mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Ulikabidhi ufunguo. Ulirudi, ukasema shikamoo mama, ukaenda kukata majani ya ng'ombe bila kutumwa. Ungenipigia kelele ningejua pa kushika.

Jumamosi ulikuja kichanjani kama kawaida. Ukachambua kahawa. Mikono yako ilikuwa inakwenda haraka kuliko yangu.

"Mbona kimya?" nikakuuliza.

"Nachambua, mama."

"Sema basi hata kitu."

"Niseme nini? Wewe umeshasema."

Ukaendelea kutoa mbovu moja moja. Mwanzoni nilidhani unalilia vitabu. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba vitabu ungeweza kuvisamehe. Mbele ya watu wale nilisema nimesomewa. Jambo ulilokuwa unanipa bure kila Jumamosi, mimi na wewe tu, nililibeba nikalifanya ushahidi wa kuwafungia wenzako kabati. Sauti yako ndiyo niliyoitumia. Nani angeendelea kuitoa?

Unajua sisi huku mtu akikosa haendi kuomba radhi mikono mitupu. Kahawa ilipokwisha nilikata jani la isale pale mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, nikalifunga fundo, nikaenda kwa Mwalimu Felista. Alinikuta nimesimama mlangoni nimelishika mbele ya kifua kama mtoto mwenye barua ya kufukuzwa shule.

"Ingia, Mama Aika. Unampa nani hiyo?"

"Wewe, Mwalimu."

Akalipokea kwa mikono miwili. "Isale hairudishwi, hata ningetaka. Basi, kati yangu na wewe yameisha." Akaliweka kwenye glasi ya maji dirishani, akakaa, akanitazama. "Sasa Zawena je?"

"Zawena gani?"

"Wa kwenye kitabu. Umemsema vibaya mbele za watu. Yeye isale haijui."

Nikadhani ananitania. Macho yake hayakuwa na utani. Basi nikasema, na sijui ilitoka wapi, "Mwalimu, mimi nasoma kwa kidole."

"Kidole kinafika," akasema. Akaita kijana apande darini.

Kwa hiyo miezi yote hii ulipokuwa unaniona nachelewa kurudi na majani, sikuwa napiga soga njiani. Nilikuwa kule korongoni nimekaa juu ya mzigo, kitabu kimo kwenye khanga, nasoma. Polepole. Ukurasa mmoja ng'ombe angemaliza kucheua. Nikifika kwenye jina nisilolikumbuka narudi nyuma mpaka nimkute mwenyewe, hata kama yuko sura mbili huko nyuma. Hakuna aliyeshusha pumzi.

Na nina maoni yangu, kama sheria yako inavyotaka. Cha kwanza ni kizuri lakini kina haraka ya kutoka nyumbani. Cha pili Joisi amesema kweli, majina ni mengi, na wengine wanakufa kabla sijawazoea. Cha nne sikulala. Hata mimi niliunguza kitu, maharage. Lakini bora kuliko vyote kwangu ni cha tatu, na ndani ya cha tatu ni palepale pangoni Brayan aliporuka.

Mvua inanyesha, hawawezi kuendelea. Hakuna anayewafukuza. Wanawasha moto, Shomari analalamika miguu inauma, na wana ndizi moja tu. Wanaichoma. Halafu kuna mstari mfupi, ukisoma kwa mbio unakuwa umeshaupita: Zawena akaikata ndizi vipande vitatu.

Niliusoma, nikaendelea, kidole kikakataa. Nikarudi. Humo pangoni wako wawili. Ndege yuko nje na yeye hali vyakula vya watu. Kitabu hakielezi kipande cha tatu ni cha nani. Kinasema tu asubuhi wakaondoka, na Zawena alikuwa na kitu amekifunga kwenye pindo la nguo yake.

Nililia pale juu ya majani mpaka nikaogopa mtu asije akapita. Nilikuwa nimesema mbele ya jumuiya nzima kwamba hamkumbuki mama yake. Mstari huo ulinisomea mwenyewe, Aika, nikiwa nachambua kahawa, na nina hakika uliusoma vizuri. Tuliupita wote wawili. Wewe ulikuwa unakimbilia kujua kama watatoka pangoni, na mimi nilikuwa nakukasirikia kwa kukimbia.

Siku niliyosimama tena kwenye jumuiya ulikuwepo, dirishani na Joisi. Ulisikia nilivyosema: nilitoa maoni juu ya kitabu ambacho sikukisoma; sasa nimekisoma; nilikosea; mtoto yule anamkumbuka mama yake, na anayetaka kujua ni wapi asome.

"Ukurasa wa ngapi?" Mama Fidelisi akauliza.

"Utafute, mama."

"Mimi na macho haya? Na huyo mama, anarudishiwa sauti au harudishiwi?"

"Sijafika."

"Hujafika, na umesimama kutuambia?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, na wala haikuuma kama lile cheko la darasa la nne. Kabati lilifunguliwa, ukarudishiwa ufunguo wako. Mama Fidelisi anasomewa na mjukuu wake sasa. Nasikia ameshamkasirikia Malkia wa Kimya kuliko watoto wote. Habari ya ndizi sikuwaambia. Hiyo nilikuwekea wewe.

Jioni ile nyumbani uliniambia, "Umesema vizuri, mama." Ulisema kwa adabu, kama unamwambia mgeni. Jumamosi ukaja kichanjani na kitabu cha tano, ukakaa, ukakisoma kimyakimya mpaka mwisho. Nilikuona ulivyokifunga. Ukaweka kiganja juu ya jalada ukaangalia mbali. Nilitamani kukuuliza, nikaona sina ruhusa.

Utajiuliza kwa nini kwako sikuleta isale. Nimekwenda mpakani mara nyingi kukukatia jani lako, na kila mara nimerudi bila kukata. Mwalimu hakuwa na namna. Isale ikishaletwa umesamehe, hata kama moyo bado uko njiani. Ni desturi nzuri, imeokoa nyumba nyingi huku kwetu, siichezei. Ila wewe nataka uweze kukataa. Ukifungua sanduku huko Iringa usilitafute jani, halimo. Ukinisamehe unisamehe kwa mwendo wako.

Nimefikiri sana juu ya yule mama wa jikoni. Nilikuwa namwona kama mtu aliyetupwa na hadithi. Sasa naona hadithi isingeanza kama Zawena angebaki kumpepea. Hakuna anayeandika vitabu vitano juu ya msichana aliyekaa nyumbani anamenya ndizi na mama yake, ingawa mimi ningevisoma. Nenda basi. Nenda mbio kama vitabu vyako, ndiyo umri wake. Mimi sitakuwa bubu. Nitapika, nitakata majani, nitakwenda jumuiya, nitabishana na Mama Fidelisi. Usinione huko uliko nimekaa nimeinama gizani nasubiri chupa ifunguliwe.

Nina woga mmoja tu, na siyo wa wezi wala wa wavulana, hayo tumeongea. Huko kutakuwa na kitu kitakachokwenda haraka kuliko wewe. Hujawahi kukutana nacho, kwa hiyo nakuogopea. Huku wewe ndiye uliyekuwa unatangulia. Huko watatoka watoto wa shule kubwa, wanaongea Kiingereza kama wanakunywa maji, na siku moja utakuwa bado darajani na wao wameshafika kwenye mshale. Siku hiyo mdomo wako utataka kufumba na mkono wako utataka kuandika mwandiko mzuri. Mimi najua jinsi unavyotaka. Nyoosha mkono. Wacheke. Cheko linakwisha kabla ya kengele, lakini mimi kile nilichokaa nacho kimya nimekibeba mpaka nikaja kukitua juu ya kabati lako.

Na pembeni yako atakuwepo mwingine, mtoto wa mtu, amebaki nyuma zaidi. Atakuuliza huyo nani tena. Utakuwa mahali patamu

Niliacha hapo. Umerudi.

Nimesukuma karatasi chini ya ungo, na nadhani umeona, lakini hukusema. Ukavua viatu, ukaangalia kisigino, ukasema Bibi anasalimia na amekutemea mate ya baraka mpaka kwenye kola. Ukakaa hapa kwenye kigoda. Kitabu cha tatu kilikuwa mezani, nimekialamisha kwa ukanda wa jani kavu la mgomba.

"Unarudia?" ukauliza.

"Narudia pangoni."

"Brayan anasema panaboa."

"Brayan aliruka."

Ukacheka kwa pua. Ukakivuta kitabu, ukafungua kwenye jani. Nilikuwa nakoroga mtori nimekupa mgongo, na sikukuomba, unajua sikukuomba. Ukaanza kusoma kwa sauti.

Ulisoma polepole. Nilidhani umechoka, kumbe siyo. Ulipofika kwenye jina la Shomari ukasimama, ukasema, "Huyu ndiye yule asiye na kivuli."

"Ahaa," nikasema. Nilikuwa namkumbuka vizuri sana, ila sikutaka uache kuniambia.

Ukasoma mvua. Ukasoma moto na miguu ya Shomari. Ukasoma ndizi, ukaupita ule mstari, ukasoma mmoja mbele yake. Nikasikia ukurasa haugeuki.

"Mama, si wako wawili?"

"Wawili."

"Na ndege yuko nje."

"Yuko nje."

Nikageuka. Ulikuwa umeweka kidole kwenye mstari, wewe ambaye hujawahi kusoma kwa kidole. Kisha ukasema, kama unamwambia mtu mwingine aliyeko humo chumbani, "Alimwekea."

Nikaugeukia mtori, nikakoroga. Nawe hukunitazama. Ukarudisha jani mahali pake, ukafunga kitabu, ukasema unakwenda kukamua kabla giza halijaingia, na kwamba leo nisije kukusaidia, unataka kumuaga ng'ombe mwenyewe. Mlangoni ukageuka.

"Cha tano umefika wapi?"

"Sijakigusa."

"Hujui basi kama anarudishiwa."

"Usiniambie."

"Sikuambii," ukasema. "Kina majina mengi. Peke yako hutamaliza."

Ndivyo ulivyosema, na nimeketi hapa kuyaandika kabla hayajapoa, nikisikia maziwa yanavyopiga ndoo huko bandani. Sitamalizia yale ya yule mtoto wa pembeni yako. Umeshanionyesha kwamba unayajua.

Kitabu cha tatu nakuwekea kwenye sanduku, Mwalimu amekubali. Cha tano kitabaki kule kabatini, sitakifungua, mpaka uje likizo tukae kichanjani. Nitauliza sana.

Kesho kutwa nikimenya ndizi za mtori, najijua, nitamenya na zako. Usinihurumie. Ng'ombe atakula.

Maziwa yamenyamaza, unakuja. Mtori umeiva, napakua.

Mama yako